Tanga la Kijani la Germain Kilufya

Mnamo mwezi wa tano mwaka 1993 ilitangazwa rasmi kwamba shughuli ya kuwarudisha makwao wananchi wenye asili ya mkoa wa Kasai imekamilika. Kwamba waliosafiri wamesafiri kwa hiari yao, kwa treni, kwa amani na kwa utaratibu. Na kwamba kati ya Likasi na Kapolowe haipo tena hata familia moja inayongoja. Tangazo lilisomwa kwa Kifaransa, likasomwa kwa Kiswahili, kisha likabandikwa ukutani kwa ajili ya wale wasioamini masikio yao. Lilikuwa na mihuri miwili. Siku hizo karatasi safi ilikuwa adimu mjini kuliko nyama, kwa hiyo watu walisimama wakaitazama kwa heshima.

Germain Kilufya hakulisikia. Saa ile alikuwa katikati ya ziwa, amelala chali ndani ya mashua aliyoiunda mwenyewe, usukani ameubana kwapani, akiutazama upepo. Mkewe, Mbombo, anasema upepo hautazamwi. Anakiri hata hivyo kwamba Germain aliutazama, tena kwa saa nzima, na akikatizwa alinuna kama mtu aliyeamshwa.

Ziwa lenyewe si la Mungu. Zamani za wakoloni mto Lufira ulizibwa kwa ukuta ili umeme upatikane kwa ajili ya migodi. Maji yakapanda, yakaumeza msitu, na msitu ukafa umesimama. Vigogo vyake vimetokeza majini mpaka leo, vyeupe, vikavu, ndege wamekaa juu yake kama watu wanaongoja kuitwa majina. Watu huliita Tshangalele. Asubuhi ukungu ukilala pale, huwezi kujua maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi, na mtu mwenye mashua anaweza kudhani anapita juu ya mawingu. Germain alidhani hivyo mara nyingi.

Alizaliwa karibu na misheni ya Kapolowe, mtoto wa mkulima wa mihogo. Mapadri walimfundisha useremala, kampani ya shaba ikamfundisha vyuma, na mengine yote alijifundisha kwa kuvifungua vitu vya watu. Akawa fundi katika karakana za Panda, mtaa wa kiwandani wa Likasi, akapewa nyumba ya kambi yenye vyumba viwili na bomba moja. Mashine ya kushonea, redio, kufuli iliyomeza ufunguo, meno ya bandia ya mwalimu mkuu: vyote vilipita mikononi mwake vikatoka vinafanya kazi, isipokuwa meno, ambayo tangu hapo yalipiga mluzi kwenye herufi S. Panda walikuwa na msemo: kitu kikikufia, usikizike kabla hujampelekea Germain.

Tena alikuwa ametembea. Kampani ilimtuma Lobito kwa reli kupokea mashine zilizotoka melini. Alikaa wiki mbili akiitazama bahari, na aliporudi hakuweza kumweleza mtu yeyote alichokiona, ila kwamba ilikuwa kubwa na haikuwa na haraka. Mwaka 1969 ikamtuma Ubelgiji, Liège, mwaka mzima wa mafunzo. Jumapili alipanda treni mpaka Ostende, akajipatia kazi ya kukaza misumari kwenye mashua za matajiri. Huko aliona jambo lililomshangaza: watu wazima, wenye magari, wanaingia kwenye mashua isiyo na injini, wanahangaika na kamba, wanalowa, wanazunguka, wanarudi pale pale walipoanzia, na wanashukuru.

“Wanaenda wapi?” alimwuliza mzee aliyemwajiri.

“Hawaendi popote.”

Germain alilitafakari jibu hilo muda wote uliobaki wa maisha yake.

Mashua aliiunda nyuma ya nyumba, miaka kumi na mmoja. Mbao zilitoka kwenye makasha ya mashine, ndiyo maana ubavu wa kushoto uliandikwa HAUT, yaani JUU, pamoja na mshale ulioonyesha chini, maana ubao ule ulifaa ukigeuzwa tu. Mlingoti ulikuwa bomba la maji lililostaafu. Tanga lilishonwa kwa vitambaa vya kuchujia, vile vizito vinavyotupwa kiwandani vikishachoka, na kwa kuwa vilikuwa vimekunywa shaba kwa miaka, lilikuwa la kijani. Hakulipaka rangi. Lilikuja na kijani chake, na kila mwaka jua likalipunguza kidogo, mpaka likawa na rangi ya maji yaliyo kwenye kivuli.

Mbombo hakuipenda mashua hiyo. Aliiona ikimla mume wake ubao kwa ubao. Yeye alikuwa mtu wa nchi kavu na wa kwaya. Wazazi wake walitoka Kasai miaka ya arobaini, walipoitwa kuja kufanya kazi migodini, naye alizaliwa Panda, akasoma Panda, akaolewa Panda. Kasai aliijua kama watu wanavyoijua mbingu, yaani kwa nyimbo. Maji aliyoyaamini yalikuwa yale yaliyomo ndooni. Na mashua ilipopelekwa ziwani juu ya lori, Germain akaanza kutoka kila Jumapili alfajiri kwa kinga, baiskeli yake nyeusi, akirudi jioni ananuka samaki na kutabasamu, Simone, aliyeimba kwaya na Mbombo, alimvuta Mbombo kando.

“Mama Jaël,” akamwambia, kwa jina la binti yake wa kwanza, “bwanaume anaenda kila siku ya Mungu, anarudia anacheka? Ile haiko mayi. Ile iko mwanamuke.”

“Germain? Ule hata kucheza hajui.”

“Bale ba ile namna njo benye kufanya.”

Jumapili iliyofuata wakapanda lori la makaa mpaka Kapolowe, wakashuka ziwani, wakajificha kwenye matete. Mbombo alikuwa amechukua mwiko wa bukari, yaani wa ugali, ule mkubwa wa misiba. Kupitia matete wakamwona Germain amepiga magoti, amewapa mgongo, anaimba polepole, mkono wake unakwenda na kurudi.

“Anamupakaa mafuta,” Simone akanong’ona.

“Nani?”

“Sijue. Eko chini.”

Mbombo akatoka matetini na mwiko juu. “Asimame! Uyu mwanamuke asimame nimuone!”

Germain hakugeuka. “Mama Jaël,” akasema. “Karibu. Angalia matope.”

Alikuwa akipaka mashua mafuta ya mawese ili mbao zisipasuke. Mbombo akachungulia ndani, maana hakuja njia yote kutoka Likasi ili asichungulie. Aliona usukani, kamba, kopo la kuchotea maji, na mbele ya mlingoti kibao cha kukalia chenye mto ulioshonwa kwa kitambaa chekundu cha maua ya njano.

“Ile ni kikwembe yangu,” akasema. Kilikuwa kimepotea kambani mwaka 1979, na kwa miaka yote hiyo hakuwa amemsalimia jirani mmoja kwa ajili yake.

“Njo ya kwako. Na ile njo fasi yako.”

“Minye siingie mule.”

“Haina mbaya. Fasi itangoja.”

Simone alicheka njia nzima, akafika Panda akacheka upya, nyumba kwa nyumba. Tangu siku hiyo mashua ikaitwa Deuxième Bureau, ofisi ya pili, yaani jina lile lile ambalo watu wa huku humpa mwanamke wa pembeni, na Germain alipopita na kinga vijana walimpigia kelele: “Papa Germain, bureau ya pili iko bonne santé, haigonjwi?” Naye aliinua kofia.

Kisha miaka ya tisini ikafika. Kampani haikufungwa, ilisahau tu kufunguka. Wazungu waliondoka Septemba 1991 bila kuaga mbwa wao. Karakana ikabaki na paa, halafu haikubaki na paa. Wafanyakazi waliendelea kwenda kazini kwa sababu miguu ilikuwa imezoea, wakakaa chini ya kivuli, wakarudi. Germain alitengeneza majembe. Alipokosa la kutengeneza alikwenda ziwani, na pale, juu ya maji yasiyopokea habari za mjini, alijihisi, alivyomwambia binti yake Jaël, kama mtu aliyelala akaota kwamba yuko macho.

Mjini watu walianza kuulizana wametoka wapi. Watu waliokuwa wamekopeshana chumvi miaka thelathini wakagundua kwamba hawafahamiani. Agosti 1992 nyumba zikaanza kuungua, na waliotoka Kasai, pamoja na wale ambao hawakuwahi kutoka popote ila wazazi wao walitoka Kasai, wakakimbilia kituo cha reli kwa maelfu. Walilala pale chini ya maturubai, wakipika, wakizaa, wakizika, wakingoja treni. Treni ilikuwa nadra. Ilipokuja iliondoka na watu hata juu ya mabehewa.

Asubuhi moja Mbombo alifungua mlango akakuta umechorwa msalaba wa makaa.

Germain aliufuta. Siku hiyo hiyo dada yake Madeleine akaja, akaketi uani kwenye kiti alichotengenezewa na kaka yake mwenyewe. Mbombo alikuwa jikoni anatwanga sombe, majani ya mihogo, na hakuacha kutwanga, maana mchi ukinyamaza watu hujua wanasikilizwa.

“Yaya,” Madeleine akasema, kama wadogo wanavyomwita kaka, “weye nakupenda, na mulamu, bibi yako, namupenda. Lakini batoto ni ba kwetu, beko na jina yetu. Yeye njo beko namutafuta. Aende mbele, utamufwata.”

“Aende wapi?”

“Kwabo.”

“Kwabo ni apa.” Germain alikuwa ameshika birika lililotoboka, akilitazama jua kupitia kitobo. “Kitanda yake ni ile.”

“Bataunguza nyumba, yaya! Bataunguza na batoto!”

“Basi.”

“Basi nini?”

“Basi nimesikia.”

Madeleine alipoondoka, Mbombo akatoka jikoni. Alikuwa ameshafunga mzigo: sufuria moja, Biblia, blanketi. “Nitaenda ku gare, ku treni,” akasema. “Madeleine hakusema bongo, alisema kweli. Sitaki batoto baungue juu yangu.”

Germain akaweka birika chini. Hakuwa mtu wa hotuba. Kwa kadiri Mbombo anavyokumbuka, katika miaka ishirini na mitano ya ndoa, hii ndiyo hotuba iliyokuwa ndefu kuliko zote. “Mama Jaël, minye nilitembea. Nilifika Lobito, nilifika Bulaya. Fasi yote kwenye nilifika, bantu beko naulizana karatasi. Katikati ya mayi tu njo hakuna mwenye anauliza. Twende siku kumi. Ukichoka, minye mwenyewe nitakupeleka ku gare.”

Mbombo alitarajia watatoka kwa kificho. Germain akasema anayejificha ndiye anayetafutwa. Wakatoka saa nne mchana: yeye amevaa suti yake ya Liège, Mbombo amekaa nyuma ya kinga na kikwembe cha harusi, kuku mzima mkononi, kama watu wanaokwenda kutoa mahari. Jaël, aliyekuwa na miaka kumi na tisa, alibaki na wadogo zake, akaambiwa awaambie watu mama amekwenda. Hakuambiwa aseme wapi, na hakuna aliyemwuliza.

Penye mti uliolazwa barabarani vijana wenye marungu wakawasimamisha. Mmoja, mwenye kofia ya kazi ya kampani, akamzunguka Mbombo.

“Mama eko wa wapi?”

“Eko wa kwangu,” Germain akasema.

“Papa Germain, achana na maneno. Unamupeleka wapi?”

“Ku deuxième bureau. Baonane. Minye nimechoka kufwata mbili.”

Halafu yule wa kofia akaanza kucheka, akawaeleza wenzake waliotoka mitaa mingine habari za mashua na mwiko, akaigiza hata Simone matetini, na walipofika pale pa “asimame nimuone” walikuwa wameinama wameshika magoti. Mti ukasogezwa. Mbombo alimbana kuku kiasi kwamba walipofika ziwani kuku alikuwa amekufa.

Mbombo akaingia kwenye mashua. Mto wa kikwembe chake ulikuwa umechakaa kwa jua, lakini hakuna mtu aliyekuwa ameukalia. Alifumba macho akaanza zaburi, ile ya kuinua macho kuitazama milima, akaifikisha katikati, na katikati hapo akasikia kitu ambacho hakuwa amekisikia tangu Agosti: hakuna kelele. Ubao ulipasua maji kwa sauti ya kitambaa kinachochanwa taratibu. Tanga lilikuwa limejaa, na mwanga uliopita ndani yake ulimwangukia mikononi, ukaigeuza mikono yake kuwa ya kijani, kama ya mtu anayeota yuko chini ya maji na bado anapumua. Vigogo vilikuja kimoja kimoja, vikapita.

“Ule,” Germain akaonyesha kwa kidevu, “alikuwa chef wa atelier kule Panda. Ule wa kuinama ni wa pointage, wa kuhesabu bantu ku mulango. Ule wa ndege mbili ni inspecteur.”

“Unabaita ile majina?”

“Benyewe vilevile, basimama tu fasi kwenye hawatakiwi.”

Mbombo alicheka. Alicheka kwa kujikaza, kisha bila kujikaza, kisha akalia, na Germain akageuza mashua kidogo ili jua lisimpige usoni.

Upande wa pili kulikuwa na kisiwa cha wavuvi: vibanda vya matete, vichanja vya kukaushia samaki, moshi. Mkubwa wa pale alikuwa Mathilde, mjane mwenye mikono ya kukata kuni, ambaye Germain alimtengenezea nyavu na mtumbwi kwa miaka. Alimtazama Mbombo kuanzia kikwembe mpaka kuku.

“Papa Germain, njo ile bureau ya pili?”

“Hapana. Ni ya kwanza.”

“Haya. Apa mwenye kula anapala samaki. Na ile kuku ilikufwa na nini?”

“Na woga,” Mbombo akasema, na Mathilde akampa kisu.

Siku kumi zikaisha, hakuna aliyezitaja. Mbombo alijifunza kupala, kukausha, kuuvumilia moshi. Asubuhi ukungu ulilala juu ya ziwa na alisikia sauti za watu asiowaona wakipiga makasia, wakizungumza juu ya mihogo, na ilimchukua muda kukumbuka kwamba bado anaishi. Germain alikuja kila Jumapili, na kila Jumapili Mbombo aliketi juu ya jiwe akingoja doa la kijani litokeze kati ya vigogo vyeupe. Mara nyingine alikuja peke yake. Mara nyingine alikuja na mtu aliyemkuta njiani au kituoni: mshona nguo mwenye mashine yake magotini, mwalimu na mkewe mja mzito, ndugu wawili wasiosema neno. Wote aliwatambulisha kwa namna moja.

“Mama Mathilde, aba ni ba famille.”

“Famille yako inazala mbio,” Mathilde alijibu, akaenda kutafuta visu.

Huko Panda, msalaba ulichorwa tena, na safari hii vijana wakaja mchana na petroli kwenye chupa. Wakamkuta Madeleine amekaa mlangoni kwenye kiti chake. Alikuwa ameamini kabisa kwamba wifi yake alipanda treni. Germain hakumwambia vingine, na yeye alikuwa amelia siku tatu kwa jambo alilolitaka mwenyewe. “Apa ni kwa Kilufya!” akawapigia kelele. “Mwanamuke alishakwenda. Munatafuta nini tena, sombe? Iko mu nyungu, ingieni mule!” Hawakuingia. Hakuondoka kwenye kiti kile mpaka mwaka mpya.

Ndipo likaja lile tangazo la mwezi wa tano. Germain alisimuliwa habari zake na Jaël jioni, akala bukari yake yote kabla ya kusema kitu. Kisha akasema ni tangazo zuri, kwa maana mtu ambaye rasmi hayupo hatafutwi na mtu. Mwezi wa saba akamrudisha Mbombo nyumbani, mchana tena, nyuma ya kinga, kapu la samaki miguuni. Madeleine aliyekuwa akifagia uani akaangusha ufagio.

“Mulamu! Minye nilikulilia!”

“Aksanti,” Mbombo akasema. “Unipe mayi.”

Wakaketi, wakanywa, wakapala samaki pamoja, na jambo lile halikutajwa tena, kama yasivyotajwa mengi katika nyumba zinazotaka kusimama.

Baada ya hapo Mbombo alikwenda ziwani kila Jumapili akishaimba ibada ya kwanza. Anasema hakujifunza kuyapenda maji. Alijifunza kukaa kimya juu yake, ambalo ni jambo jingine. Kwa miaka minne walizunguka kati ya vigogo vile, mtu na mkewe, hawana haraka, tanga likizidi kupauka.

Germain aliugua kifua mwaka 1997, mwaka ambao nchi ilibadilisha jina na dawa zikaendelea kukosekana. Alilala wiki tatu kwenye kitanda kile kile. Siku za mwisho aliuliza mara kwa mara upepo unatoka wapi, na Mbombo alitoka nje, akalowesha kidole, akarudi akamwambia. Hakuwahi kumdanganya, hata siku ambayo hakukuwa na upepo.

Alizikwa Panda mwezi wa nane. Jeneza lilibebwa na wanaume sita. Wawili walikuwa wa ukoo wa Kilufya. Wanne Madeleine hakuwafahamu, ingawa Mbombo aliwahi kupala samaki nao kisiwani. Walikuwa wamefika asubuhi ile kwa kinga kutoka Kapolowe, wanakokaa na wake zao na watoto wao, na walipolitua jeneza walimpa Mbombo pole kwa Kiluba cha Kasai.